Kisanduku cha Mama Minza

Usiku wa kuamkia usaili wake wa mwisho, Kabula aliota kwamba usaili umeshaanza na yeye hajafika. Hilo si la ajabu, wengi huota hivyo. La ajabu ni kwamba mlango wa kampuni ulimfuata wenyewe hadi Tabata, ukasimama katikati ya chumba chake cha kupanga na kumgonga begani taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

Kabla hatujaingia naye, ni haki kujua alichokuwa akikitafuta huko. Kabula alisomea takwimu, na kwa muda mrefu alikuwa akiomba kazi ya uchambuzi wa data kwenye kampuni moja ya teknolojia iitwayo Kokotoa. Kampuni za namna hiyo haziajiri mtu, zinamposa. Kwanza anatumwa mshenga kwa simu, dada mwenye sauti laini anayetaka kujua una tabia gani na unaelewana na watu. Kisha unapewa kazi ya majaribio ukaifanyie nyumbani, kama mchumba anayeambiwa apike waonje mkono wake. Kisha kimya. Kisha mazungumzo ya video, na kimya kingine kirefu zaidi. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wao hawakuwahi hata kuambiwa "tutakujulisha".

Katika ile kazi ya majaribio, Kabula alitumiwa data za watu waliopimwa macho vijijini. Aliambiwa azisafishe, yaani arekebishe makosa na mapengo, kisha aonyeshe nani aitwe kwanza kufanyiwa upasuaji. Akazisafisha. Kila mtu aliyekuwa na kisanduku kitupu kwenye jedwali, na mara nyingi kilikuwa kile cha mwaka wa kuzaliwa, Kabula alimfuta mstari mzima, macho yakipita juu ya majina bila kutua. Ndivyo wengi wa fani hiyo wanavyofanya wakiwa na haraka, na Kabula alikuwa na haraka. Michoro ilitoka mizuri ajabu. Watu wa Kokotoa walimsifu, wakasema data zimetakata, wakamwita usaili wa mwisho.

Aliyemlea ni dada mkubwa wa marehemu mama yake, Mama Minza, huko kijijini kwao Maswa. Alimsomesha kwa kilimo cha pamba na kwa ukaidi, maana pamba peke yake isingetosha. Kabula alikuwa amejiapiza kwamba mshahara wa kwanza utakwenda wote kwa Mama Minza. Kazi hii aliitaka kwa ajili ya yule mama kuliko kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, na wewe msomaji lishike hilo, maana ndotoni Kabula hakulishika.

"Twende," mlango ulisema. "Wameshakaa."

Kabula anavaa blauzi aliyoipiga pasi, anapita mlangoni na kutokea mapokezi. Mapokezi ya Kokotoa ni darasa lake la shule ya msingi, isipokuwa sasa lina zulia na kiyoyozi. Kiyoyozi kinalalamika kwamba watu wanaingia na kutoka bila kukijulia hali. Kabula anakiuliza habari za asubuhi. Kinajibu kwamba hakijambo, kina mafua tu.

Kwenye madawati wameketi watahiniwa wenzake. Karibu na dirisha yuko kijana anayeitwa Gwakisa, aliyeambiwa kwamba atajulishwa, akaamua kusubiri hapo hapo. Ameshaoa akiwa kwenye dawati hilo, harusi ilikuwa ndogo, na ndevu zake zimefika kwenye zulia, ambapo mfagiaji huziinua kwa heshima apitishe ufagio. Gwakisa hana kinyongo. Anasema waliupenda sana wasifu wake.

Anayefuata ni mwanamke mwenye kapu. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitano katika programu iliyotengenezwa mwaka juzi, naye kwa utiifu amekuja na miaka mitano kapuni. Mapokezi wanaikagua, wanakuta miwili ni mibichi na mitatu ameazima kwa jirani. Wanamwomba akairudishe. Anajitwika kapu lake na kuondoka bila neno. Kabula anamhurumia, lakini pia anafurahi kidogo kwamba mshindani mmoja amepungua. Tusimseme sana kwa hilo, nani asingefurahi?

Lifti inamwita kwa jina. Kabula anaingia, milango inajifunga, lifti haiondoki.

"Nimezidiwa uzito," inasema.

"Niko peke yangu."

"Ndivyo mnavyosema wote," lifti inajibu, kisha inapanda ikiguna kila ghorofa, kama punda aliyebebeshwa magunia asiyoonyeshwa.

Huko juu jopo lina watu watatu, kama tutakubali kuwaita watu. Mwenyekiti ni kompyuta mpakato iliyovaa tai. Kulia kwake ameketi Dada Fortunata, yule mshenga wa simu, ambaye tabasamu lake lilifika mapema kuliko yeye na limepewa kiti chake. Wa tatu ni Bwana Wastani. Huyo Kabula amemtumia tangu chuoni bila kuonana naye ana kwa ana. Mguu mmoja amevaa kiatu cha kamba na mwingine kiatu cha kisigino, kwa kuwa nusu ya wafanyakazi ni wanaume na nusu ni wanawake. Ana watoto watatu na nusu. Kabula anamuuliza kwa adabu habari za watoto, naye anasema wote hawajambo, ila yule nusu anamsumbua sana wakati wa kununua sare za shule.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Dada Fortunata anauliza. "Angalia dirishani, tafadhali."

Kabula anaangalia. Chini barabarani anajiona mwenyewe, mkubwa kwa miaka mitano, amependeza, na kitambulisho cha kampuni kinaning'inia shingoni. Anampungia mkono. Yule wa chini anainua uso, anamtambua vizuri kabisa, kisha anavuka barabara ili asimsalimie. Mwenyekiti anasema mtahiniwa anaonekana atafanikiwa, na Dada Fortunata anaandika.

"Sasa vitendo," anasema Mwenyekiti.

Mara chumba hakipo. Wako uani nyuma ya nyumba, kwenye matope kidogo, na mbele ya Kabula kuna karai la maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni na brashi ya kufulia. Jopo limehama pamoja na meza yake. Anaambiwa kwamba data zake za majaribio zimefika, azisafishe tena mbele yao, wamwone mkono.

Data zinaingia kwa miguu. Ni wazee. Wanakuja wameshikana mabega, kila mmoja akimfuata aliye mbele, kwa sababu hawaoni vizuri. Ndani ya kila jicho amekaa mtoto mdogo mweupe, anachezesha miguu na kuzuia mwanga. Kila mzee amebeba visanduku vyake mikononi, cha jina, cha kijiji na cha macho, vyote vimejaa. Cha mwaka wa kuzaliwa ni kitupu, na wanakishika kwa aibu, kama mtu anavyoshika sahani tupu kwenye sherehe ya wenyewe.

Kabula aliwatambua. Hakuwahi kuwaona, lakini aliwatambua mmoja mmoja kwa majina, kama mtu anavyotambua nguo alizofua mwenyewe. Walikuwa wale aliowafuta. Akawaamkia, wakaitikia marahaba kwa pamoja na kumuuliza kama amelala salama. Mzee aliyetangulia alimweleza kwamba hawakuja kulalamika. Walitaka tu kujua wasogee wapi, maana huko walikofutiwa hakuna pa kukaa.

Hapo ndipo Kabula alipowatazama wote kwa pamoja kwa mara ya kwanza, na akaona jambo ambalo angeliona nyumbani kwake siku ile kama angekawia hata kidogo. Hawakuwa wachache waliopotea huku na huku. Walikuwa wazee karibu wote. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa ndiye mzee, na mzee ndiye mwenye mtoto wa jicho. Aliwafuta wagonjwa, akabakiza wazima, kisha akaitwa hodari. Alitamani kuyasema hayo mbele ya jopo, na maneno alikuwa nayo mdomoni.

"Muda unakwenda," anasema Mwenyekiti.

Kwa hiyo anafua. Anachukua kisanduku kitupu cha yule mzee wa kwanza na kukisugua kwa brashi. Mzee anamshukuru kwamba maji ni ya vuguvugu. Kisanduku hakijai, ila mzee anafifia, kama kanga iliyolowekwa kwenye jiki, mpaka anabaki rangi kidogo hewani na baadaye habaki. Anasugua wa pili. Anasugua wa tatu. Anajuta kila mmoja, anajuta kwa dhati, na mkono hausimami. Bwana Wastani anatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema kasi yake iko juu ya wastani, jambo linalomtia yeye mwenyewe wivu.

Wa mwisho katika foleni hakuwa na wa kumshika bega. Alifika akipapasa ukingo wa karai kwa vidole. Amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Huyu anayefua ana mkono wa Kabula," alisema Mama Minza. "Anasugua sana, hasuuzi."

Kabula alimuuliza kwa kunong'ona amefuata nini huku. Mama Minza naye akanong'ona, kwa kuwa aliona ndiyo desturi ya mahali. Alisema kwamba msimu wa kuchuma pamba ukungu ulimwingia machoni, akawa anachuma majani pamoja na pamba na kuchekwa na watoto. Wapimaji walipokuja pale shuleni alikwenda, na hakumwambia Kabula kwa sababu hakutaka kumpa mawazo wakati anatafuta kazi. Walimuuliza mwaka wa kuzaliwa. Aliwaambia alizaliwa mwaka ule mto ulipohama, lakini hawakuwa na kisanduku cha mito. Wakasema watamwita.

"Naweza kusaidia," alisema Bwana Wastani, akavua kile kiatu cha kisigino ili atembee vizuri. "Nikae mimi kwenye kisanduku chake. Nitampa miaka thelathini na nne, ndio wastani wa waliobaki."

Mama Minza alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nikiwa na thelathini na nne nitachumbiwa tena, baba," alisema, "na mimi kupika kwa ajili ya mwanamume nimeshachoka." Alimshukuru hata hivyo kwa moyo wake mwema. Bwana Wastani alirudi kukaa, akavaa kiatu, na hakuonekana kuumia sana wala kidogo.

Ndipo Mwenyekiti akakohoa.

"Mtahiniwa, tumewasikia mkinong'ona. Sheria ya kampuni ni kwamba mchambuzi hafahamiani na data. Ni upendeleo, na mwenye upendeleo hatumwajiri. Je, huyu unamfahamu?"

Tabasamu la Dada Fortunata lilisogea kwenye ukingo wa kiti lisikie vizuri. Kabula alimtazama Mama Minza, aliyekuwa amesimama na kisanduku chake kitupu, amegeuza uso kidogo kando ya pale alipo Kabula, kuelekea bomba la uani. Akafikiria ule mshahara wa kwanza. Akajiambia kwamba akikubali kumfahamu Mama Minza atakosa mshahara wa kumpelekea Mama Minza. Aliipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili ikatoka sawa.

"Simfahamu," alisema.

Wakati huo huo alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya pale uani ilikuwa tayari imerudi kuwa zulia. Alingoja Mama Minza amwambie neno. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Angelia, Kabula angeruka meza ile na kumshika. Mama Minza alifunga kisanduku chake kwa utulivu, akajirekebisha kitenge na kulielekea jopo.

"Ni kweli, baba zangu," alisema. "Huyu mtoto hanifahamu. Mimi nimepotea njia tu, msimkosee kwa ajili yangu."

Akaanza kutafuta pa kutokea, mkono mmoja ukutani. Alipapasa kabati, akapapasa kalenda, akaomba radhi kwa kiyoyozi akidhani ni mtu. Mlango wenyewe ulimwonea huruma, ukasogea hadi kwenye kiganja chake, naye akaushukuru na kutoka. Kabula alisikia hatua zake zikishuka ngazi moja moja, mguu ukiigusa kila ngazi kwanza kabla ya kuiamini.

Alitaka kumfuata. Kiti kilimshika kiunoni.

"Umeshaajiriwa," kiti kilisema. "Kaa."

Jopo linapiga makofi. Bwana Wastani anapiga kwa mkono mmoja na nusu. Dada Fortunata anamwambia Kabula kwamba ni wachache sana wanaofika hapa, na Mwenyekiti anageuza kioo chake ili wote waone matokeo. Kioo ni cheupe tupu.

"Safi kabisa," anasema Mwenyekiti. "Hakubaki mtu hata mmoja."

Kabula anataka kupiga kelele, na sauti inayomtoka ni mlio wa simu.

Ilikuwa simu kweli. Kulikuwa kumeshakucha, jua liko kwenye pazia, na blauzi inaning'inia msumarini. Hakukuwa na mlango mwingine ila ule wa kila siku. Kabula alikaa kitandani, akashukuru Mungu kwamba ni ndoto, kisha akaona jina kwenye simu na kupokea haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?" Mama Minza alitaka kuwa mtu wa kwanza kumtakia heri ya usaili. Alisema amemwombea tangu jogoo la kwanza, asiwe na wasiwasi, azungumze taratibu, na asisahau kula kitu, maana tumbo tupu humfanya mtu ajibu hovyo. Kabula aliitikia kila neno. Sauti ilikuwa ile ile, nzima, yenye utani. Akajisikia kama mtu aliyesamehewa, na kwa furaha hiyo akauliza bila kufikiri.

"Macho yanaendeleaje, mama?"

"Nani kakuambia?" aliuliza Mama Minza.

Hakuna aliyemwambia Kabula kitu akiwa macho. Mama Minza aliona hakuna haja ya kuficha tena, akaeleza kwa kifupi, akilifanya jambo liwe dogo kadiri alivyoweza. Ni ukungu tu kidogo. Alikwenda kupimwa pale shuleni, ni kweli, mwaka wa kuzaliwa wakauacha wazi, na akaambiwa ataitwa. Wiki hii gari lilikuja, likasoma majina na kuwachukua watu kwenda kufanyiwa upasuaji. Hata jirani yake Kwandu alichukuliwa, ambaye macho yake yana nafuu, tena ni mtoto tu, yeye Mama Minza ndiye aliyemfundisha kutembea. Jina lake halikusomwa. Alikaa pale na kibegi chake mpaka gari likaondoka, akarudi nyumbani. Alidhani labda watu wa kompyuta huko mjini wamemruka kwa bahati mbaya. Kazi zao ni nyingi.

Siku zote hizo Kabula alikuwa ameamini kwamba zile data za majaribio ni za mfano tu, za kumpima mtahiniwa kisha kutupwa. Sasa alielewa kwamba kazi yake ilitumika vile vile alivyoipeleka. Ilikuwa nzuri, wakaitumia. Alitazama vidole vyake, vile alivyobonyezea kitufe cha kufuta, na akaona haya kuvitazama.

"Mama," alisema, "hao wanaopanga majina ya upasuaji ndio ninaokwenda kwao leo."

Mama Minza alifurahi sana, akasema kumbe Mungu anajua kupanga. Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayetoa wosia wa maana.

"Basi ukipata nafasi, waulizie jina langu. Kwa adabu, usigombane nao, kazi kwanza. Na wakikuuliza mimi ni nani wako, sema hunifahamu, wasije wakakunyima kazi kwa ajili yangu."

"Nimeshasema, mama," Kabula alijibu.

"Vizuri," alisema Mama Minza, na salio lake likaisha.